Uji Ndani ya Kaseti

Jumatatu, 1 Julai 1996

Pamba imeshapimwa na kuondoka. Sasa ni ngoma tu. Mazoezi nyuma ya zizi, jua likipoa. Vijana wamechelewa tena, nimewafokea.

Mashindano ni Jumapili ya tarehe 21, Segese. Sisi na kundi la Mahona wa Ushirombo. Uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na upande wake. Watu wanahamia kwa anayewavuta, na huyo ndiye mshindi. Mwaka jana walihamia kwa Mahona. Nilibaki naimbia watoto na mbwa. Wazee wa kundi wamesema bila kuficha: nikishindwa tena wanatafuta manju mwingine wa kutunga na kuongoza nyimbo. Miaka yote hii ya kutunga, halafu nikapige makofi nyuma ya kijana fulani. Sikubali.

Wimbo mpya ninao. Ni mzuri sana. Nasema mwenyewe kwa sababu ni kweli. Hata humu siuandiki. Wimbo wa mashindano haupaswi kusikika kabla ya siku yake. Mpinzani akiusikia mapema, anakuja na jibu.

Alhamisi, 4 Julai

Shemeji Shija, mdogo wake mke wangu, alilala hapa. Anarudi machimboni leo, siku ya mashindano hatapata ruhusa kwa bosi wake. Aliniomba wimbo kwenye kaseti. Ningekataa. Lakini alisema hakuna manju kama mimi toka Kahama mpaka Mwadui, nikalegea.

Tukarekodi asubuhi kwa redio yake, mlango umefungwa. Sauti ilikuwa safi kuliko siku zote. Nilipomaliza nikavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Nimeambiwa ukivivunja, kaseti inakuwa imefungwa. Haichukuliki tena na mtu mwingine. Hiyo ndiyo kufuli yangu.

Ndipo tukaisikiliza. Baada ya kiitikio kuna mahali natulia kidogo, ngoma zinapaswa kujibu. Pale pale, kutoka jikoni, mke wangu, Mama Ng'washi, anapaza sauti: "Baba Ng'washi, uji unapoa!"

Nilitaka kurudia. Kitufe cha kurekodi kikakataa kubonyea. Kumbe vijino ndiyo hivyo. Gari la Shija likapiga honi barabarani, akaichukua hivyo hivyo na uji wake. Ameapa ataisikiliza peke yake.

Jumanne, 9 Julai

Nina hasira.

Nilikwenda Segese kutafuta ngozi ya ngoma. Kabla sijafika mnadani nikasikia sauti ninayoijua. Yangu. Inatoka kwenye spika la Hamisi, yule wa kibanda cha redio. Watu wamesimama, wanacheka, wanaitikia. Na uji umo.

Nikaingia, nikamwuliza kaifunguaje. Nilimwambia kuhusu vijino. Hamisi alicheka akashika meza. Vijino vinazuia mtu asirekodi juu yake, mzee wangu, havizuii kuchukua kilichomo. Ana redio ya kaseti mbili, moja inaimba, nyingine inameza. Kila mtoto wa Segese anajua hilo. Mimi sikulijua.

Nilimtaka azifute nakala zote. Kanionyesha: naye amevivunja vijino vyote, ili wateja wajue ni kaseti halisi.

Alhamisi, 11 Julai

Kwa baiskeli mpaka ofisi ya serikali, kwa bwana anayeshughulika na utamaduni. Nilimsalimu vizuri, nikaeleza yote. Ungeibiwa ng'ombe, anasema, ningejua pa kuanzia. Wimbo je? Unao bado kinywani, umepungukiwa nini? Nikamwambia nimepungukiwa siri yangu. Akasema sheria za mambo hayo zipo, lakini hajawahi kuona mtu wa ngoma akija nazo, akaniomba nimwimbie kidogo.

Nikaimba. Ndiyo, niliimba. Wenzake wakatoka vyumba vya jirani. Mmoja aliitikia. Alikuwa tayari anaujua.

Nimerudi na mapaja yanauma na kichwa kimevimba.

Jumamosi, 13 Julai

Machimboni, kumkamata Shija. Hakukimbia. Alimwazimisha rafiki mmoja tu, anasema, na rafiki ana betri nzuri.

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Lakini pale kwenye shimo walikuwa wanavuta mawe kwa kamba, wanaume kama kumi, wamejaa vumbi, na wanavuta kwa wimbo wangu. Kiitikio kinapoisha wanatulia, mmoja anabana sauti ya kike kuhusu uji, wote wanavuta kwa nguvu. Hawakujua mimi ni nani. Nilitaka kukasirika, bega likaanza kucheza lenyewe.

Sijawahi kujisikia hivyo. Nimeona fahari mpaka nikageuka pembeni nijifute macho. Shija hakupigwa.

Jumatatu, 15 Julai

Habari mbaya. Mahona ana kaseti. Dereva wa lori aliyetoka Ushirombo amewasikia wakijifunza jibu, na jibu lote ni uji: manju gani huyu, anaitwa na mkewe kama mtoto. Wazee wanataka nibadilishe wimbo. Nimejaribu toka jana. Hakuna kinachokuja. Maneno yote yanarudi kwenye ule ule.

Na nyumbani kumechafuka. Kisimani wanawake wanamwita mke wangu Mama Uji. Leo aliweka ndoo chini akaniambia mara moja tu:

"Unalia Hamisi kachukua sauti yako hajakuuliza. Na yangu uliyompa Shija, uliniuliza?"

Nikaokota ndoo nikaipeleka jikoni. Mimi, manju, mtu wa majibu.

Ijumaa, 19 Julai

Nimewaambia wazee wimbo haubadiliki. Pale pa uji tutajaza kwa ngoma, sauti ya mke wangu isiigwe. Hawakufurahi. Mganga wa kundi amesema dawa ya mvuto iko tayari, lakini dawa nayo inataka msaada.

Jioni nilimfuata mke wangu jikoni. Nilimwomba radhi. Nikamwambia Jumapili sauti yake haitatumiwa na mtu wa kwetu, mimi nimekataza. Na kama mwenyewe ana neno la kusema juu yake, aseme, ni yake. Aliendelea kusonga ugali. Nimeogopa kuuliza mara ya pili.

Jumapili, 21 Julai

Niandike kabla sijalala, nisije nikaanza kuongeza chumvi.

Mahona alianza kabla yetu. Alimtoa mchezaji mmoja aliyevaa khanga, sufuria kichwani, mwiko mkononi. Anaita uji, anajizungusha, anakatika. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Upande wetu ukaanza kuwa mweupe. Niliiona ardhi pale palipokuwa na watu. Nilimwona mzee wa kundi akitazama viatu vyake.

Tukaingia na wimbo. Niliimba kwa yote niliyo nayo. Wachache waligeuza shingo. Kiitikio kikaisha, nikafika mahali pa kutulia, ngoma zikanyanyuka kujaza.

"Baba Ng'washi, uji unapoa!"

Si kijana wetu, si kaseti. Mama Ng'washi. Amesimama mbele ya wanawake wote, mikono kiunoni, sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Hakuita kwa aibu. Aliita kama mwenye nyumba. Wapiga ngoma walisahau kupiga.

Kisha mtu akapiga kelele: ndiye, ndiye mwenyewe wa kwenye kaseti! Wakaja mbio. Vumbi lilikuwa jingi hata sikumwona Mahona. Baadaye wameniambia yule wa khanga alibaki peke yake na sufuria lake kichwani.

Kiitikio cha pili uwanja mzima uliimba, na pale pa kutulia uwanja mzima uliita uji. Nikafumba mdomo kujaribu. Wimbo ukaendelea. Haukunihitaji hata kidogo. Roho iliniuma, nisidanganye. Halafu nikamwona mke wangu anacheka, kifua mbele, na wanawake waliokuwa wanamcheka kisimani wamemshika mabega. Uchungu ukaisha.

Tumeshinda. Wazee wamenibeba mimi. Wanawake wamembeba yeye, na wao walikuwa wengi zaidi.

Jumatatu, 22 Julai

Kimya. Miguu imevimba. Ng'ombe wametoka mapema, sikuwasikia.

Hamisi kamtuma mtu. Safari hii anaomba kwanza, anataka kaseti mpya, iliyoimbwa vizuri. Nimemjibu wenye ruhusa ni wawili, akamwulize na mwenzangu. Mwenzangu amesema atafikiri.

Ng'washi anafagia uwanja wa nyumba na kuimba wimbo ule. Hakosei mahali popote.

Mama yake ameita sasa hivi. Mara moja, si kwa nguvu. Nimeitika. Naenda, uji bado wa moto.