Bodi Ilipokaa Dunguni

Jumatatu, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kazi ni pancha tu, na gurudumu la muuza mkaa lililopinda tena. Namwambia apunguze mzigo. Hasikii.

Mkuu wa chuo cha ufundi amepiga simu. Kikao cha bodi ni Ijumaa. Mke wangu Felista alikuwa mjumbe, akiwakilisha wananchi wa kata yetu, na siku nyingine akiwafundisha wasichana kushona. Alipofariki Novemba walisema mumewe amalizie kipindi chake. Mimi fundi baiskeli wa Kibaoni, darasa la saba. Nilikubali kwa sababu moja: nilitaka kukaa pale alipokuwa akikaa.

Viti vya ukumbi ule ni vigumu. Yeye alikuwa akibeba kimto alichoshona kwa vipande vya vitenge. Kipo juu ya kabati. Sijakigusa.

Jumatano, 6 Mei

Nimeelezwa ajenda. Utoro. Darasa la ushonaji limebaki na watu wachache, la useremala vivyo hivyo.

Hapa kila mtu anajua walipo. Mpunga umetia maziwa na kwelea, wale ndege wala nafaka, wameshuka. Watu wamehamia mashambani, wanashinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti, wanapiga kelele na kutupa udongo kwa kombeo. Ukilala usingizi wa mchana, mwaka mzima hamli.

Lakini sheria ya chuo inasema wiki mbili bila ruhusa, jina linafutwa. Ansila naye yumo. Binti wa Idete, mwaka wa pili ushonaji, tena ndiye mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake kuingia kwenye bodi. Mama yake amejifungua majuzi na baba hayupo. Nani mwingine apande dunguni? Akifutwa sasa, mitihani hafanyi. Anaishia hapo.

Felista alisema yule binti ana mkono wa kushona. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Mimi alinisifu mara moja, na ilikuwa kuhusu chapati.

Itabidi niseme kitu Ijumaa. Naogopa. Nimejaribu mbele ya kioo, nikajiona kama mtu anayeomba radhi.

Ijumaa, 8 Mei

Nimevaa shati la kanisani. Nimefika mapema. Mkuu wetu, Mwalimu Mgaya, alikuwepo. Alikuwepo na sista wa parokia. Basi.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Bodi bila akidi haiamui kitu, na sisi tulikuwa watatu. Mwalimu akampigia mwenyekiti, Mzee Dismas wa Mchombe, akaweka sauti kubwa tusikie wote.

"Shikamoo mzee. Tunakusubiri."

"Marahaba mwanangu. Nipo njiani, naingia mjini sasa hivi."

Nyuma yake: huooo! Huooo! Na debe linagongwa.

"Mzee, hao wanaopiga kelele ni nani?"

Debe likagongwa tena. Kisha: "Wajukuu, mwalimu. Ndege wamezidi. Wewe Prosper, upande ule! Upande ule!"

Akawapigia wengine. Kila mmoja na debe lake. Bodi iliyoitwa kuwafuta watoro yenyewe ilikuwa imetoroka.

Sista alianza kucheka. Alificha uso kwa leso lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi nikafuata. Nimecheka mpaka machozi. Mwalimu Mgaya akatutazama, naye akashindwa. Kwao ni Makete, viazi na ngano. Huu ni mwaka wake wa kwanza bondeni.

Kisha mdomo wangu ukasema wenyewe: "Kama bodi ipo shamba, tuifuate shamba."

Sijacheka hivi tangu Novemba. Njiani nikaona aibu. Kufika nyumbani aibu ikaisha. Felista angeanguka kutoka kitini kwa kicheko.

Jumamosi, 9 Mei

Mwalimu Mgaya ameleta baiskeli yake kwangu. Breki. Breki zilikuwa nzima. Alitaka kuongea tu.

Anasema hapendi kumfuta mtu. Ila asipoonyesha mahudhurio, wanafunzi hawasajiliwi kwa mitihani, na hapo wataumia wote. Peke yake hawezi kubadili kalenda. Bodi inaweza. Nilikuwa nimemhukumu vibaya. Ni mama mwema, amechoka.

Kikao ni Jumanne, Idete, kwenye shamba la kina Ansila. Lipo katikati kwa wengi.

Jumanne, 12 Mei

Siku nzuri. Niandike yote kabla sijasahau.

Nimebeba kimto. Nilijiambia ni kwa sababu ya fito za dungu. Nilipokishusha kilikuwa bado na uzi mwekundu umening'inia pembeni, alikuwa hajamaliza kuurudia ule mshono.

Dungu halikututosha. Mwenyekiti na Mwalimu Mgaya juu, sisi chini kwenye majani. Nikampa mwalimu kimto. Mzee Dismas akasema, "Haya, serikali imepata kiti." Ansila alitusalimia wote huku kombeo lipo mkononi, halafu akarudi kazini. Mjumbe halali, anashiriki kikao na kurusha udongo. Mama yake alikuwa kivulini na kichanga.

Nikasimama. Nikasema chuo ni cha wananchi, na wananchi mwezi huu wapo hapa. Likizo ya Juni iletwe sasa, ndege wakiisha turudi, na siku zilizopungua zifidiwe Jumamosi. Basi. Nikakaa. Nilikuwa na mengine, yalipotea.

Mwalimu akauliza chakula cha hizo Jumamosi kitatoka wapi. Mama Ansila akajibu kutoka kivulini, hata si mjumbe: "Mwalimu, mnakaa ndani ya mpunga mnauliza chakula?" Kila mzazi atatoa debe la mpunga baada ya mavuno.

Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Wakati huohuo kundi likashuka. Bodi nzima mikono juu, huooo! Hata sista. Mzee Dismas akasema, "Imepita!"

"Mzee, ile ilikuwa ya ndege," mwalimu akasema.

Tukarudia. Ikapita tena. Ansila alinyoosha mikono yote miwili, akaambiwa kura ni moja.

Tumekula ugali na perege. Nimerudi na tope mpaka magotini. Nimefurahi. Naliandika neno hili na halinichomi.

Kimto nimekisahau.

Ijumaa, 15 Mei

Tangazo limebandikwa getini. Likizo imeanza. Hakuna aliyefutwa.

Nimekitafuta kimto kila mahali ingawa najua kipo Idete. Usiku mbaya.

Jumatatu, 15 Juni

Chuo kimefunguliwa. Asubuhi baiskeli nyingi zimepita hapa kibandani, nyingine na magunia nyuma. Nimejaza upepo bure.

Ansila alisimama. "Shikamoo baba." Akanipa mchele mpya kidogo kwenye mfuko, na kimto. Amekifua. Kinanuka jua na mabua. Hakukaa, kengele ilikuwa imegongwa, na Mwalimu Mgaya siku hizi anasimama getini mwenyewe.

Ule uzi mwekundu haupo. Mshono umemalizwa. Nimevaa miwani nione wapi Felista aliishia na wapi Ansila alianzia.

Sikuona.

Nimekiweka kwenye stuli yangu ya kazini. Nimekikalia. Mvua imekwisha, barabara imekauka.