Kiti cha Kushoto

Mjukuu wangu Samweli,

Huku Qurus tupo, ingawa mbaazi zimekauka na goti la bibi yako halijapona. Unauliza ufanyeje huko Wasso ili pikapu yetu ya zamani ipunguze kula mafuta. Safisha kabureta na chujio la hewa, jaza upepo matairi, usiikimbize.

Fundi aliyenifundisha hayo aliniambia pia kwamba kusimamasimama kunakula mafuta. Nilikuwa kijana, nikalishika neno hilo. Desturi ya barabara ya huko Wasso unaijua: mtu akiinua mkono, unasimama. Mimi nikaacha. Siku moja, karibu na Samunge, mzee Lemayani, aliyenipa maziwa kila nilipopita, aliinua fimbo yake. Nikampungia mkono, nikapita.

Wiki iliyofuata nilikuta boma lake lina msiba. Alikuwa ameanza kwenda hospitali Wasso kwa miguu, hakufika. Mjane wake akanimiminia maziwa kama kawaida.

“Alikuwa anakusubiri wewe,” akasema. “Siku ile hukupita?”

Nikasema sikupita.

Safari ile mafuta yalibaki mengi kuliko safari zote.

Basi fuata ya fundi. Ila kiti cha kushoto usikiwekee mzigo.

Ni mimi babu yako.