Marobota Kumi na Moja kwa Mkanda Mmoja

12 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, na dawa unazinywa badala ya kuzipanga dirishani kama mapambo. Mimi ni mzima, ila kazi imenikaba.

Mkurugenzi wa ofisi yetu ya biashara amenipa ripoti niiandike: kwa nini uwiano wa biashara wa nchi unazidi kuharibika. Maana yake, Baba, ni bei ya vitu tunavyouza nje ukiipima na bei ya vile tunavyonunua hukohuko. Jibu amenipa kabla sijashika kalamu: "Andika kwamba wakulima ni wavivu na pamba yao ni chafu."

Wewe umekuwa fundi wa kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba miaka thelathini na moja. Niambie ukweli. Ni chafu?

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo na mimi nipo, tunavumiliana. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula au unashindia chai.

Mwambie mkurugenzi wako aje atie mkono kwenye pamba yetu. Kitakachotoka kichafu ni mkono wake.

Mwaka uliozaliwa nilibadilisha mkanda mkubwa wa mashine. Ulitoka nje kwa meli, na marobota matatu ya pamba yaliulipia. Mwaka huu nimeagiza mkanda uleule, kiwanda kilekile, urefu uleule. Marobota kumi na moja! Sasa nani amekuwa mvivu hapo, mkulima au mkanda?

Mimi ninachojua ni nati na grisi. Wewe ndiye uliyesoma. Nieleze kilichotokea hapo katikati.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo, na Mama umpe salamu zangu. Nakula, mwambie asiwe na wasiwasi.

Swali lako limeninyima raha wiki tatu. Nimefukua majedwali ya miaka arobaini na hivi ndivyo nilivyoelewa. Tuliambiwa tupande pamba nyingi zaidi ili tupate zaidi. Kumbe ushauri huohuo walipewa majirani zetu, na majirani wa majirani. Wote tukapanda, wote tukafurika soko moja. Na mtu akikuta shati limeshuka bei hanunui mashati kumi. Kifua anacho kimoja. Wakati huohuo viwanda vya nchi za nje vikajifunza kutoa nyuzi kwenye mafuta ya petroli, basi hata hilo shati moja si lazima liwe la pamba.

Halafu angalia nani anauza na nani ananunua. Wanaouza pamba ni mamilioni. Makampuni makubwa ya kuinunua hayazidi vidole vya mkono, nayo yanajuana. Mkanda ni kinyume: mtengenezaji ni mmoja, na usipoununua mashine inalala. Akiongeza mishahara kwao, anaiongeza kwenye bei unayolipa wewe. Sisi zao letu ni hilohilo moja. Likianguka, hatuna mguu wa pili wa kusimamia.

Uvivu nimeutafuta kwenye majedwali yote, Baba. Haumo.

Niliandika kurasa thelathini. Mkurugenzi amefuta ishirini na sita kwa kalamu nyekundu. Alhamisi kuna mkutano, wanunuzi watakuwepo, na mimi ndiye msomaji. Nitasoma zote thelathini.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Alhamisi ilipita, na nyingine, na nyingine. Mama yako amesikiliza redio, akitafuta habari za mkutano wako, mpaka betri zimekufa. Andika hata mstari mmoja.

Huku wakala wa wanunuzi, yule tunayemwita Tai Nyekundu kwa hiyo anayovaa shingoni, amekuja na bei mpya. Imeshuka tena. Nikasimama mbele ya wanachama nikawaeleza barua yako, neno kwa neno: mafuriko ya pamba, shati na kifua, yote. Tai Nyekundu akacheka: "Fundi, tangu lini umekuwa mchumi?" Nikamjibu, "Tangu mkanda ulipofika marobota kumi na moja." Ukumbi ukalipuka.

Tukakubaliana hatuuzi. Kwenye ghala la nyuma kuna mashine ya kusokota nyuzi, iliachwa zamani ilipoonekana ni rahisi kuuza pamba ghafi. Nimeanza kuifungua.

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Niliona aibu kukuandikia kutoka stoo.

Nilisoma. Nilipofika ukurasa wa tano mkurugenzi akanong'ona, "Kaa chini." Nikasema kwa sauti, "Nimekaa miaka sita, mzee. Leo nimesimama." Nikamaliza zote. Wanunuzi wawili walitoka nje. Mfagiaji aliyekuwa mlangoni alipiga makofi peke yake.

Kesho yake nikahamishiwa stoo, nagawa karatasi na wino. Nimeletewa barua ya kuomba radhi, imeshachapwa, inangoja sahihi yangu tu. Nikitia sahihi narudi mezani kwangu. Nisipotia, kazi basi. Nifanye nini?

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena kwa sauti kubwa. Aibu ya nini? Stoo ni chumba kama vyumba vingine.

Sitakudanganya kwamba huku mambo ni mteremko. Zaidi ya nusu ya wanachama wameuza. Mama Pacha aliuza akilia. Mmoja wa pacha wake yuko hospitali. Nilimbebea magunia mwenyewe mpaka kwenye lori. Mtu mwenye mgonjwa haulizwi msimamo.

Tumebaki kaya arobaini na tatu. Mashine imezunguka juzi. Uzi wa kwanza ulikuwa unakatika kama ahadi za mgombea. Wa jana umeshika, na mfumaji wa mjini amechukua wote, akauliza mwingine lini. Ni kidogo sana, najua. Lakini bei tulitaja sisi, na yeye ndiye aliyebembeleza. Sijawahi kubembelezwa tangu nizaliwe, isipokuwa na mama yako, naye aliacha.

Kuhusu sahihi siwezi kukuamulia, wewe ndiye utakayekosa mshahara. Nakuambia hili tu: nyumba ina chumba, na kiwanda hakina mtu anayejua kupiga hesabu za bei.

Baba yako

1 Juni

Baba,

Shikamoo, wewe na Mama na hizo kaya arobaini na tatu.

Nimeisoma tena ile barua ya kuomba radhi. Ina sentensi moja: "Ninakiri kwamba takwimu nilizozisoma zina makosa." Sikutia sahihi. Chini yake nimeandika kwa mkono, "Takwimu ipi?" nikamrudishia mkurugenzi mezani kwake, mbele ya watu.

Leo ni siku ya nne. Wakinifukuza kabla ya kunionyesha hata moja, Mama aniandalie kile chumba; hesabu za bei nitazipiga huko.

Mwanao