Nashipae Hana Mahali pa Kukimbia

Kitengela

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Takwenya. Mgongo unaendeleaje, na huko Entarara mvua imefika? Sisi tuko, lakini siko na amani. Nimeandika kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Ni juu ya Nashipae. Tangu nimtoe kwako aje kusoma huku, akitoka shule anakaa ndani na msichana wa kazi, wanaangalia TV mpaka nitoke kiwandani. Keyteka, mtunzaji wa ploti yetu ya ghorofa, hataki watoto wacheze chini kwenye magari, na shule yao ni jengo tu, haina uwanja.

Juzi walikuwa na siku ya michezo kwenye uwanja wa kuazima. Yeyo, yule mtoto aliyekuwa akikimbiza mbuzi zako mpaka mtoni hakufika hata katikati. Alikaa chini akihema, wenzake wakacheka. Nilidhani ni moyo. Nikambeba mpaka kliniki.

Daktari alimpima, akasema moyo ni mzima. Kisha akaniuliza, "Huyu mtoto huchezea wapi?"

Nilimwambia ni ndani tu, mbele ya TV. Akanieleza kwamba mtoto wa umri huu anafaa kukimbia na kuruka kila siku, ndio mifupa na mapafu yapate nguvu, alale vizuri, na hata darasani akili itulie. Nikakumbuka mwalimu alivyolalamika kwamba anasinzia.

Nilienda na akina mama wa ploti kwa mwenye nyumba, tukamwomba watoto wacheze jioni tu. Alikataa. Baba Nashipae naye, kwa simu kutoka kazini Magadi, akasema tumrudishe kwako. Tuligombana, mwishowe nikakubali.

Kwa hivyo shule ikifungwa nitamleta, asomee huko. Jana nilipomwambia, alirukaruka kwa furaha mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Sikumnyamazisha. Kisha akasimama, akaniangalia.

"Na wewe, mama, utabaki na nani?"

Nilimwambia niko na kazi nyingi.

Nisalimie baba, na shangazi anayeuza maziwa, na ndugu yangu Lemayian anayekusomea hii. Lemayian, usiruke hapo niliposema ningelia.

Yeyo, akianguka usikimbilie kumwinua. Mwache ainuke, akimbie tena. Na mimi uniombee.

Binti yako,
Sopiato