Nani Ataongoza?

Jumatatu, 6 Mei 2024

Majina ya staji, mazoezi yetu ya kufundisha, yamebandikwa. Mimi nimepangiwa Mpala! Shule ya msingi karibu na misheni ya zamani, darasa la tatu na la nne, kufundisha nyimbo hadi mwisho wa mwaka. Boti inaondoka Jumatatu ya tarehe 20. Asiyekwenda staji hapati diploma, mwaka wake umekufa.

Nilicheka peke yangu koridoni. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni prezidanti wa Chama chetu.

Papa Lambert, mkuu wa seksyo yetu ya muziki, akaniita biro, ofisini kwake. Alinipongeza, halafu akauliza nani atashika Chama nikiondoka. Nikasema sijui. Akasema basi nijue kabla ya mkutano mkuu wa Jumamosi ya tarehe 18, maana chama kisicho na prezidanti hakina haki ya chumba. Watu wa informatiki, wale wa kompyuta, wanakitaka chumba chetu tangu ziwa lilipofurika likaingia katika chao. Kinanda kitakwenda depo, yaani stoo. Na watoto wa Jumamosi watabaki kwao.

Chama cha Walimu wa Muziki wa Kesho — jina ambalo hakuna anayelitamka lote. Lakini watoto wa Jumamosi ndio Chama chenyewe. Wiki nzima tunasoma muziki kwenye karatasi. Jumamosi watoto wa mtaa wanakuja, na sisi tunajaribu kuwafundisha kweli. Bila wao tutafika darasani kama mtu aliyejifunza kuogelea ubaoni.

Nimechoka, na bado sijaanza hata kutafuta.

Jumanne, 7 Mei

Nimemuuliza Gauthier. Ni makamu wangu, anaipenda sana sauti ya neno hilo, hasa mbele ya wasichana. Akasema parokia imempa korali, yaani kwaya, ya Pentekoste, baada ya hapo zinakuja ndoa. Akaniambia mimi ndiye niliyezoea, nijipange tu na staji yangu.

Umezoea! Wote wananiambia hivyo. Hata punda amezoea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Chadrack yeye alikubali — halafu akacheka mwenyewe. Akishika yeye, watu wa Gauthier watatoka siku hiyo hiyo. Kisa ni do, ile ya do-re-mi.

Mungu wangu, do. Nusu ya Chama wamekulia katika korali za Kikatoliki. Kwao do ni sauti moja tu kwenye kinanda, imekaa pale milele. Nusu nyingine ni wa korali za Kiprotestanti kama Chadrack: kwao do inahama, kila wimbo una do yake. Mwaka mzima nimeamua ugomvi huu. Gauthier husema, "Do haihame. Do si mukimbizi." Chadrack humjibu kwamba do inakaa mahali wimbo unakaa. Juzi mtoto mmoja akauliza: mwalimu, do ziko ngapi? Nikatoka nje kunywa maji.

Jumatano, 8 Mei

Hakuna anayetaka. Nimeuliza hadi watu ambao sijui majina yao.

Jioni Mama mkubwa Angélique, ninayekaa kwake, alisonga bukari akaniuliza kwa nini nina uso wa kuzikia mtu. Nikamwambia yote. Nikamwambia hata lile ambalo sijamwambia mtu: namna nilivyopata huu uprezidanti.

Ilikuwa mkutano wa kwanza, miaka miwili iliyopita. Desturi yetu ni kwamba kila mkutano unaanza kwa wimbo. Papa Lambert alisimama na chaki mkononi, akauliza, "Basi. Nani ataongoza?" Mimi nikafikiri anauliza nani ataongoza wimbo. Nilikuwa mpya, nina hamu ya kupiga mkono, kuongoza waimbaji, mbele ya watu. Nikanyoosha mkono. Wakapiga makofi. Nikashangaa, makofi kabla ya wimbo! Nikaenda mbele, nikaongoza wimbo, vizuri hata. Nilipogeuka, jina langu lilikuwa ubaoni: OLGA ILUNGA, PREZIDANTI. Papa Lambert sikio lake moja limekufa, kwa hiyo anaamini mikono kuliko maneno. Na mimi niliona aibu kusema sikuelewa swali.

Mama mkubwa alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema wako walioolewa hivyo hivyo.

Nami nilicheka. Lakini kitandani sikucheka. Nilitaka kupiga mkono tu! Badala yake ni mikutano, funguo, samahani kwa huyu, pole kwa yule. Sijasimama mbele ya korali yetu tangu Krismasi.

Alhamisi, 9 Mei

Zoezi la leo: mimi na kinanda. Nilisahau ni Kupaa kwa Bwana, Wakatoliki wako misa. Wale wengine wamesikia Wakatoliki hawaji, nao hawakuja.

Akaja mmoja. Adrienne, wa mwaka wa kwanza, binti aliyetoka Pepa, kule juu milimani kwenye ng'ombe. Hazungumzi sana. Alifuta ubao bila kuambiwa, akauliza kwa nini mkono wa kushoto wa kiongozi unafanya kitu kingine na wa kulia kitu kingine. Nilimwonyesha. Tukakaa mpaka mvua ikaisha, moja ya zile za mwisho mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi hii ina raha.

Jumamosi, 11 Mei

Lazima niandike hili vizuri.

Watoto walikuwa wengi leo. Gauthier alianza kufundisha wimbo, akawapa do ya kinanda. Wimbo ukapanda juu mno, wadogo wakaanza kupiga kelele badala ya kuimba. Chadrack akasimama kutoka nyuma akawapa do nyingine, ya chini. Basi. Walimu wawili mbele ya darasa, kila mmoja na do yake, watoto wanawatazama kwa zamu kama mechi. Mimi nilikuwa mlangoni na funguo. Sikuwa na nguvu ya kuingia. Nasema kweli: nilitaka kufunga mlango na kuwaacha ndani.

Adrienne akapita katikati yao. Hakuwaambia kitu. Akaweka kiganja tumboni, akaimba sauti moja, ya katikati, akawaambia watoto, "Hapa ni nyumbani." Kiganja kikapanda kifuani, sauti ikapanda. Kikafika kichwani. Kisha akashusha polepole mpaka tumboni na kuwauliza tumefika wapi. Watoto wote: nyumbani! Akawatembeza hivyo mpaka wimbo wote ukaingia, kila mstari unatoka nyumbani na kurudi nyumbani. Akabadilisha sauti ya kuanzia, juu kidogo. Watoto wakahama naye bila shida. Nyumba ni ile ile, alisema, tumehamia tu kwa mama mudogo.

Gauthier akanong'ona kwamba hiyo nyumbani ni do. Chadrack akauliza do gani. Hata Gauthier akacheka.

Nimekaa nautazama ukurasa huu. Mtu ninayemtafuta amepatikana, na alikuwa akinifutia ubao.

Jumapili, 12 Mei

Nilimfuata Adrienne baada ya ibada, nikamsindikiza mpaka kwenye daraja. Sikuzunguka. Nikamwambia Chama kinamhitaji, pande zote mbili zitamkubali, hana korali ya huku wala ya kule.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu, akiniita yaya kama dada yake mkubwa:

"Yaya, cheo hapana. Kaka yangu alikuwaka prezidanti wa wanafunzi kule Lubumbashi. Wanamuitaka hivyo mupaka leo. Diploma hana. Unifundishe mukono tu."

Akasema baba yao aliuza ng'ombe kwa ajili ya yule, na akauza tena kwa ajili yake. Ng'ombe wa tatu hatauzwa.

Nilitaka kumwambia kwamba haitakuwa hivyo kwake. Nikaangalia maisha yangu. Nikamwambia aje Jumatano, nitamfundisha mkono.

Jumatano, 15 Mei

Amekuja. Anashika haraka. Mkono wake wa kushoto tayari una akili kuliko wangu. Aliniuliza ni lini atajaribu mbele ya watu wakubwa, si watoto. Nikamwambia kila mkutano unaanza kwa wimbo, Jumamosi kutakuwa na wimbo, aongoze yeye. Alifurahi mno. Alijificha uso.

Papa Lambert alinipita koridoni: jina? Nikasema Papa, bado. Akasema watu wa informatiki wamekuja kupima madirisha.

Ijumaa, 17 Mei

Konji, leo hakuna masomo. Nimefua, nimepanga begi. Mama mkubwa ameniwekea ndakala kavu, dagaa wetu, eti Mpala, pale pale ziwani, hakuna samaki. Mpala!

Gauthier alipita. Alinishauri, kwa wema kabisa, niahirishe staji mwaka mmoja tu. Mmoja tu! Akakubali chai ya pili.

Kusema ukweli nimeshalifikiria. Hilo ndilo linalonitia hasira. Ninajiona nikiandika barua ya kuahirisha, nikijiambia ni kwa ajili ya watoto, na mwaka ujao tena, na ujao. Nitakuwa kaka yake Adrienne.

Hapana. Jumatatu ninapanda boti. Chama kikifa kife. Nimeandika hivyo na machozi yananitoka, mjinga mimi.

Jumamosi, 18 Mei

Naandikia mezani, mbele ya mkutano. Elsa, katibu wetu, hakuja. Wanafikiri naandika ripoti. Waache wafikiri.

Watu wamejaa. Wakitaka kuona Chama kinavyokufa, wanakuja. Gauthier yuko dirishani na watu wake, Chadrack ng'ambo na wake. Adrienne amekaa benchi la mbele, amevaa kitenge cha ibada, viganja juu ya magoti. Vidole vinahesabu mapigo. Anangojea wimbo wake.

Nimeshasema yangu: naondoka, asante, samahani kwa niliowakwaza. Sasa nangoja Papa Lambert. Amechelewa. Nje watoto wanachungulia, wamefika mapema kwa ajili ya zoezi. Hawajui kama litakuwepo.

Ameingia. Hakukaa. Hakuuliza kuhusu wimbo. Ameshika chaki, ameandika ubaoni PREZIDANTI, nukta mbili — lakini bega lake limefunika neno, mimi ninaliona kwa sababu niko upande. Ameegemea pale pale. Ameuliza:

"Basi. Nani ataongoza?"

Maneno yale yale!

Hakuna mkono. Gauthier anatazama ziwa. Chadrack anatazama viatu. Mkono wangu wa kushoto nimeukalia, kwa sababu ninaujua. Wa kulia una kalamu.

Mkono mmoja.

Adrienne. Ameunyoosha taratibu, anatabasamu. Nyuma mtu amepiga makofi, na mwingine. Gauthier anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote! Chadrack pia. Pande mbili, mara ya kwanza mwaka huu. Papa Lambert amegeukia ubao, mgongo wake bado umelifunika neno. A. D. Chaki inalia.

Adrienne ameshangaa makofi. Amesimama nusu. Hamwulizi Papa Lambert, maana yuko upande wa sikio lililokufa. Ananiuliza mimi, kwa sauti ndogo, kupita meza:

"Yaya Olga, ni kuongoza wimbo, ndiyo?"

Nikikubali kwa kichwa tu, ataenda mbele, ataongoza vizuri, na atakapogeuka yote yatakuwa yamekwisha. Chumba kitabaki. Watoto watabaki. Mimi niko botini. Naye ataweza, naapa ataweza kuliko mimi.

R. I. E.

Ananitazama. Kiganja amekiweka tumboni, nyumbani, tayari kutoa sauti ya kwanza. Ananingojea mimi.

Naandika. Naandika ili nisijibu.