Kaiti Mbili na Pindo la Mama

Jumamosi, mwanzoni mwa Juni. Babati.

Baridi ya leo ni ile ya kutoka na sweta na bado ukajuta. Mlima Kwaraa umejifunika mawingu tangu asubuhi, na upepo unapiga mabati ya jiko la mama kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Majirani zetu hapa Nakwa wanaulaani kwa sababu unalaza mahindi. Mimi nilibaki kitandani nikiusikiliza huku natabasamu peke yangu. Upepo kama huu kule kazini ungenitoa nje hata chai sijanywa.

Nina furaha leo. Naandika sasa hivi kabla haijapoa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Agatha, mzaliwa wa Babati, na kazi yangu ni kufundisha watu kaiti kule Unguja, upande wa mashariki. Kaiti ni tiara kubwa la kitambaa, nyingine kubwa kushinda paa la kibanda cha chipsi. Unaliunganisha kwa kamba na mkanda wa kiunoni, unasimama juu ya ubao, na upepo unakuvuta juu ya maji. Ndiyo, ni kazi. Ndiyo, nalipwa. Na hapana, siwezi kucheza hapa kwenye ziwa letu, kwa sababu viboko hawana utani. Swali hilo nimeulizwa na kila mtu tangu nifike, hadi padre.

Mvua za masika zikianza, upepo wa kule hulegea, wageni huondoka, nami hurudi nyumbani kula maziwa mgando ya mama. Mwezi huu kusi inaanza kuvuma, kwa hiyo wiki ijayo naondoka. Safari hii narudi kwa jambo jipya. Bosi wangu anafunga shule yake, anarudi kwao, na kwa hisani yake ameniambia nichague kaiti mbili ziwe zangu. Nianzie hapo. Nataka kufungua darasa langu mwenyewe, la wanawake wa pale kijijini: wasusi, walimu, wauza maandazi, ambao kila siku wanawatazama wageni wakiruka kwenye bahari yao wenyewe.

Zimebaki nne. Ya kumi na mbili, ya tisa, ya saba na ya tano. Namba hizo ni mita za mraba za kitambaa. Jibu alilitaka leo kabla jua halijazama, maana zitakazobaki kesho zinachukuliwa na mtu mwingine.

Mbili tu.

Nikichagua vibaya, msimu mzima nitakaa mchangani. Kaiti ndogo kwenye upepo mdogo inaanguka majini kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Kaiti kubwa kwenye upepo mkali inakuchukua wewe na mipango yako yote. Na nikikaa mchangani na wanafunzi wangu wakiondoka mmoja mmoja, mama atakuwa amesema kweli kuhusu mimi.

Sasa nimueleze mama. Mama ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na soko, anashona sare za shule. Nusu ya watoto wa mji huu wamepita kwenye futi yake. Na katika maisha yake yote ya ufundi ana swali moja tu analomuuliza mzazi anayetaka sketi imkae mtoto vizuri: "Na akikua?" Sketi inakatwa kubwa, halafu kwa ndani linaachwa pindo la upana wa kiganja, likisubiri. Sweta langu la darasa la kwanza nilikuja kulijaza nikiwa darasa la tano. Viatu vyangu vya kipaimara vilikuwa na gazeti puani. Hata watu wazima hawasalimiki. "Na ukinenepa? Na ukizaa?" Pindo.

Mwaka jana nilimwambia kwamba sirudi chuo cha ualimu, nabaki baharini. Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Aliuliza tu kama watu wa kule wanakula ugali, akarudi kwenye cherehani yake. Krismasi, nilipokuja siku mbili tatu, akanishonea gauni la kitenge cha bluu, zuri kweli, kila mtu kanisani alinisifu. Nilipofika nyumbani nililigeuza ndani nje kutafuta pindo.

Halikuwepo.

Limekatwa sawasawa na mwili wangu, likapigwa mshono mwembamba, basi. Kwa fundi mwingine hilo ni gauni tu. Kwa mama ni maneno. Sikumuuliza. Utaanzaje kumuuliza mama yako kwa nini hajakuachia pindo? Lakini nililielewa hivi, kwamba hategemei tena nikue, na limeniuma tangu siku ile.

Basi asubuhi ya leo, kwenye chai, nikamwambia habari za kaiti nne. Hata hakumeza.

"Chukua kubwa."

"Ipi nyingine?"

"Inayoifuatia kwa ukubwa. Mwanangu, kitambaa chote kile! Hata ikichanika, unashona mashuka."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba hata mimi moyo wangu ulikuwa huko huko. Mtu huwezi kulelewa kwenye nyumba ile halafu ukachagua kitu kidogo kwa amani. Ya kumi na mbili ni nyekundu, karibu mpya, na ikipanda angani ufuo mzima unageuza shingo. Wanaume wote wenye majina makubwa kule wanapanda kumi na mbili. Nilijiona nayo. Nilijiona nikipigwa picha nayo. Mungu anisamehe, hadi rangi ya mkanda nilishaichagua.

Ila kaiti hazichaguliwi kwa macho. Unapima vitu viwili, uzito wa mtu na nguvu ya upepo, halafu hesabu ndiyo inakuambia. Na uzito wangu sikuwa na uhakika nao tena, kwa namna mama alivyonilisha makande tangu nimefika. Nikateremka sokoni kwa Baba Rukia, muuza mahindi, kuomba mizani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaondoa gunia, nikapanda. Akasoma kilo sitini na tatu, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Toa moja ya gunia." Nikamwambia sijavaa gunia. Akaliangalia sweta langu, lile alilonifumia mama, linalonifika magotini. "Toa moja," akarudia, na wapagazi wakacheka mpaka mmoja akatua mzigo.

Sitini na mbili. Nilipokuja nilikuwa hamsini na saba. Asante, mama.

Nikapita kibandani kwa mama nikamkuta anafunga sweta za mteja wa Maisaka. Nikambebea. Begani nilikuwa na kaiti yangu ya mazoezi, ile ya mita mbili tunayoanza nayo wanafunzi mchangani kabla hawajagusa maji. Nilitaka kuirusha kidogo uwanjani huko, nipate kufikiri vizuri. Huwa nafikiri vizuri mikono ikiwa inavutwa.

Tulipomaliza kwa mteja, tukapita uwanja wa mpira. Hapakuwa na mtu, ng'ombe watatu tu na mbuzi mmoja amefungwa kwenye goli. Upepo ulikuwa unashuka kutoka upande wa mlima, wa kusukuma na kuacha, kusukuma na kuacha. Nikaitandaza kaiti kwenye nyasi. Mama akaitazama kwa jicho la kazi. Akashika kitambaa kwa vidole viwili, akageuza mshono, akakunja uso.

"Hiki ndicho unachofundishia? Hiki hata fulana mbili hakitoi."

"Mama, jaribu."

Sikutegemea akubali. Akavua futi shingoni akaniwekea mimi, akajifunga kanga vizuri, akashika ile fimbo ya kuongozea kwa mikono miwili kama anaanza kutwanga. Nikamwonyesha: ukivuta kulia inakwenda kulia, ukivuta kushoto inakwenda kushoto, ukishindwa unaachia. Nikainua kaiti. Ikajaa upepo.

Yesu na Maria!

Mama aliondoka. Sina namna nyingine ya kuiandika. Hatua ya kwanza ilikuwa yake, zilizofuata zilikuwa za upepo. Ndala moja ikabaki, ya pili ikaruka. Alikuwa anakimbia na kuegemea nyuma kwa wakati mmoja, anapiga yowe lile la kwao Mbulu ambalo sijalisikia tangu harusi ya shangazi, na ng'ombe wakampisha. Mimi nyuma napiga kelele, "Achia! Mama, achia!" Akaachia alipokuwa ameshakalia nyasi. Kaiti ikateremka ikalala kimya mbele yake.

Nilifika mbio. Moyoni nilishajiona naeleza ukoo mzima nilivyomvunja mama kiuno. Kumbe anacheka. Mama yangu, ambaye hata kwenye picha za harusi yake hakucheka, alikuwa amekaa katikati ya uwanja wa Maisaka anacheka hadi anajishika mbavu.

Alipopata pumzi akauliza, "Hii ndiyo ndogo?"

"Ndiyo ndogo."

"Na ile nyekundu ni mara sita ya hii?"

"Mara sita."

Nikamwokotea ndala. Akaanza kuniuliza maswali, na hayakuwa maswali ya mama, yalikuwa ya fundi. Upepo wa kule ni huu wa kushtuka shtuka au ni wa moja kwa moja? Nikamwambia kusi ni ya moja kwa moja, ina nguvu ya wastani na haikatiki. Hao wanawake wako ni wanene? Nikamwambia wengi ni wepesi kuliko mimi, maana hawajapitia jikoni kwake. Mtu anayejifunza anapewa sawa na anayejua? Hapana, anayejifunza anapewa ndogo zaidi, ili akikosea asipelekwe mbali. Na upepo mnaujuaje? Tuna kidude cha kuupimia, unakiinua juu, kinakuonyesha nguvu yake.

"Kumbe mnapima," akasema.

Akachukua futi yake kutoka shingoni kwangu, akaivaa.

"Nilidhani mnarukaruka tu. Kumbe ni kazi ya kupima." Halafu akaongeza, huku anapangusa nyasi kwenye kanga, "Basi chukua zinazokutosha. Sweta linakusubiri ukue. Hiki kitu hakimsubiri mtu."

Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa na furaha, ila neno moja lilikuwa linanirudia kila hatua. *Zinazokutosha.* Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake akiwa ameshika kitambaa, ila lile gauni la bluu lililisema bila yeye kufungua kinywa.

Nilimwandikia bosi tukiwa bado njiani. Tisa na saba. Ya tisa kwa siku za kawaida, mimi nikiwa juu ya maji au mwanafunzi aliyekwisha kusimama. Ya saba kwa wanaoanza, na kwa siku ambazo kusi imekasirika. Siku ambayo upepo utakuwa mdogo hata tisa isinyanyuke, tutafanya mazoezi mchangani na hii ndogo, hakuna atakayekufa. Ya tano ni ya dhoruba, na mimi si mwendawazimu. Ya kumi na mbili ni ya mwanaume mwenye kilo tisini na kamera. Kwaheri, nyekundu. Nilikupenda kweli. Bosi akajibu kwa neno moja: "Sawasawa."

Nilitegemea nitaumia, na sikuumia hata kidogo. Nilijisikia mwepesi, kilo zangu sitini na mbili zote.

Mchana mama akaniita kibandani. Alikuwa ametoa turubai la kijani, lile alilokuwa analitunza kwa ajili ya paa la kibanda, na chaki yake. Akataka vipimo vya kaiti ya tisa ikiwa imekunjwa, urefu na mzunguko, nikampa. Alisema huwezi kwenda kufungua shule umebeba vitu kwenye mfuko wa rambo, watu watajua huna kwenu. Akakata. Mimi nikakaa kwenye benchi la wateja, nikisukuma mkono wa cherehani ya pili bila kazi, kama nilivyokuwa nafanya nikiwa mtoto. Nikavuta kile kipande alichokwisha kukata nikione.

Kilikuwa kimezidi. Nikakilaza kwenye mapaja, nikakipima kwa mkono. Kila upande kimezidi upana wa kiganja, na hizo ziada alikuwa amezikunja kwa ndani, amezibana kwa pini zake, tayari kwa mshono.

"Mama, umekosea hapa. Mfuko utakuwa mkubwa. Kaiti hazikui hizi."

Hakuinua kichwa. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Najua hazikui," akasema. "Na wewe ukikua?"