Mbio 1,206 za Marehemu na Mlango wa Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Anayejulikana kama Mama Mapacha
Umri: Miaka 57
Kazi: Mpishi, jiko la hospitali
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta
Shauri: Kuvunjika kwa mlango wa kioo wa kinyozi
Yameandikwa: Tarehe 16 mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Afande ameniomba nisiende mbali na mlango, lakini mlango huo hauelezeki bila saa ya marehemu mume wangu.

Mume wangu alifundisha hesabu na watu wote walimwita Mwalimu. Alifariki mwezi wa nane mwaka jana. Kwa miaka sita alikimbia asubuhi na kikundi cha mazoezi cha mtaa wetu, akiwa amevaa saa ya kupima mbio. Saa hiyo ilipeleka kila mbio kwenye mtandao fulani, na jioni alinisomea yote: kilomita, dakika, mapigo ya moyo. Nilikuwa naitikia "vizuri" huku nikipiga pasi. Sikuwa nasikiliza.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu uliingia ujumbe kwenye simu yake, ambayo bado naichaji. Ulisema mtandao ule unafungwa mwisho wa mwezi, na kumbukumbu za asiyezihamisha zitafutwa. Niliusoma mara tatu. Nguo zake nilishazigawa, na viatu pia. Hizi mbio sikujua kama bado zipo mahali.

Tarehe 13, saa tisa alasiri, nilikwenda kwa fundi simu tunayemwita Dada Betri. Nilimwambia azihamishie kwenye mtandao wanaoutumia wenzake Mwalimu siku hizi, kwa jina lake na picha yake. Akaniuliza kama naelewa kwamba wenzake wataziona. Nikasema waone tu, walimpenda. Alisema mzigo ni mkubwa, utapanda polepole hadi kesho yake.

Tarehe 14, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa kazini nakoroga uji wa wagonjwa. Muuguzi mmoja, ambaye yumo kwenye kikundi, alinipigia simu. Aliuliza kwanza kama nimekaa. Kisha akasema, "Mama Mapacha, Mwalimu tulimzika kweli?"

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alibeba shada. Akasema ndiyo, na ndiyo maana anauliza.

Yanayofuata nimeyapata kwake. Walikuwa watu kumi na mmoja wakijinyoosha viungo nje ya duka la kinyozi. Simu zao zikalia kwa pamoja: "Mwalimu amemaliza kukimbia sasa hivi. Kilomita nane. Mpongeze." Zikalia tena, na tena. Mtandao mpya ulidhani mbio zote 1,206 zimekimbiwa asubuhi ile. Kiongozi wa kikundi, anayeitwa Kapteni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha yao ya kilomita za mwezi tangu msiba. Simu yake ikamwambia, "Mwalimu amekupita."

Wanasema alitazama nyuma. Ujumbe wa arobaini ulipoingia alianza kukimbia, bado anatazama nyuma, na kwa hiyo hakuona kwamba mlango wa kinyozi umefungwa. Pua yake ilishonwa nyuzi tatu.

Naomba pia iandikwe kwamba si wote walioogopa. Muuguzi alikiri kwamba alimpongeza Mwalimu kabla hajakumbuka. Dereva wa lori, naye wa kikundi, alimwandikia, "Karibu tena, tumekukosa." Nilipomuuliza, alisema mkono ulitangulia.

Jana, tarehe 15, Kapteni alisema hapa kaunta kwamba nilimtisha kwa makusudi, na akataka mbio zote zifutwe. Sikumtisha. Afande aliagiza Dada Betri aitwe. Dada Betri akasema hakuna haja ya kufuta, anaweza kurudisha kila mbio kwenye tarehe yake. Alikaa kwenye meza hiihii tangu saa tano hadi saa kumi jioni. Mwalimu akashuka kwenye orodha hadi akatoweka, na Kapteni akawa wa kwanza tena. Hakuna aliyempongeza.

Mbio ya mwisho kabisa ilikuwa ya tarehe 2 mwezi wa nane. Mita 212, dakika kumi na tisa. Dada Betri alisema hiyo lazima ni hitilafu, aifute? Nikamwambia aiache. Siku hiyo Mwalimu alitoka wodini kwa miguu yake mpaka mlango wa jiko letu. Nilimwambia arudi kitandani, ananizibia njia na masufuria ni ya moto. Akaminya saa yake akasema, "Basi, mbio za leo zimekwisha." Nilidhani ananitania.

Afande alinipa maji. Kisha tukaendelea.

Kapteni alikuwa amesimama nyuma yetu. Alimwomba Dada Betri, kwa sauti ya chini, amtafutie siku moja ya mvua, mwaka juzi, walipokimbia wao wawili tu. Ramani ilipofunguka aliitazama muda mrefu. Mstari wa mbio za Mwalimu ulionyesha kwamba alisimama juu ya kila kilima.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Aliniambia anafunga kamba za viatu."

Aliomba atumiwe siku hiyo kwenye simu yake.

Mimi sidai chochote kwa Kapteni. Kuhusu mlango, ninachojua ni kwamba kinyozi yule anasafisha kioo chake vizuri mno.

Nimesema ninayoyajua, nimesomewa, na nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya shahidi: Mama Mapacha

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Leo saa tano kamili Kapteni ameondoa lalamiko lake dhidi ya shahidi. Kwenye nafasi ya sababu ameandika: "Alinisubiri." Kinyozi hajaondoa lake.